Hadubini ya sebuleni, wiki ya sita: chembe nyeupe za damu zimekula hamira

Jumamosi. Wiki tatu nimepoteza kwa kosa la kijinga. Nilikuwa namwagia damu rangi ya Giemsa bila kuishikiza kwanza kwa methanoli, na chembe nyekundu zote zikawa zinapasuka. Anayepima malaria angenicheka: wao kwenye tone nene hufanya hivyo makusudi.

Sasa naziona. Nyekundu zimejazana, nasogeza kioo, nasogeza tena, mara inatokea nyeupe moja, pana karibu mara mbili, kiini cha zambarau kimegawanyika vipande vitatu vilivyoungana kwa uzi. Hiyo ni nyutrofili, aina ya chembe nyeupe inayomeza vijidudu. Katika nyeupe 100 nilizohesabu, 54 zilikuwa hizo.

Jumapili. Tone nene la damu juu ya kioo, kioo ndani ya kopo lenye kitambaa kibichi, kopo juu ya maji ya nyuzi 37. Baada ya nusu saa bonge limeganda. Nimelisuuza taratibu kwa maji ya dripu. Nyutrofili hazikubanduka, zimeng'ang'ania kioo. Nikazidondoshea hamira ya mkate niliyoiloweka kwenye yale majimaji ya njano yanayojitenga na damu iliyoganda. Hayo ndiyo kiungo: protini zake huipaka hamira alama, la sivyo nyutrofili haziichangamkii.

Nusu saa nyingine, rangi, lenzi ya 100. Moja imemeza hamira tatu! Imevimbiwa hadi kiini kimesukumwa pembeni. Nilipiga kelele, mke wangu akaja mbio akidhani nimevunja hadubini.

Mwaka 1882, kule Messina, mwanasayansi Metchnikoff aliwachoma mabuu wa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, kwa mwiba wa waridi. Asubuhi akakuta chembe zimeuzingira. Mwiba haumezeki, lakini zilikuja tu.

Ndiyo hali ya baba mdogo na jongo lake. Kwenye kidole gumba cha mguu kuna fuwele za chumvi ya asidi ya yuriki, vijisindano, si vijidudu. Chembe zinazimeza, zinashindwa kuzisaga, zinaita wenzao, nyingine zinapasuka na kumwaga vimeng'enya vyake humo humo kwenye kiungo. Kidole chekundu, cha moto, hata shuka hataki liguse. Kolchisini aliyoandikiwa huzipunguzia nyutrofili mwendo.

Nilimwonyesha picha ya hamira.

“Kumbe hawa ndio wanaonitesa?”

“Ndio hao hao, baba mdogo.”

“Na wewe unawalisha!”

Wiki ijayo nataka kuziona zikitambaa, zikiwa hai. Kwanza nipate namna ya kupasha joto meza ya hadubini.