Siku yangu na magazeti makuukuu

Saa kumi na mbili asubuhi boda inanishusha ukingoni mwa msitu wa Kakamega. Viatu vimelowa umande kabla sijatembea hatua ishirini. Kazi yangu ni kukusanya mimea na kuikausha ndani ya magazeti ili ihifadhiwe kwa utafiti. Kibali kiko mkobani. Bila hicho hatuchumi hata jani.

Saa mbili unusu mzee anayenitembeza anasimama. "Mwanangu, huu ndio mukombero." Sisi Wajaluo tunauita ogombo. Umeukwea mti hadi juu. Nakata tawi lenye maua na utomvu mweupe unaninata vidoleni. Mizizi, ambayo ndiyo watu hutafuna, tunaiacha. Ukiichimba yote, mmea umekwisha, na ndivyo unavyozidi kuadimika. Rangi ya ua, zambarau iliyoiva, naiandika papo hapo kwa penseli, maana likikauka hugeuka kahawia. Naandika na mahali, tarehe, na jina kama mzee alivyolitamka.

Saa sita, kazini. Gazeti, tawi, gazeti, kadibodi, kisha mikanda nakaza kwa goti. Jani moja nalilaza kifudifudi ili pande zote mbili zionekane. Magazeti nitayabadilisha kila siku, la sivyo kuvu. (Habari za mpira za mwaka jana huwa nazisoma kwanza.)

Saa nane natoa friza furushi la wiki iliyopita. Baridi kali ndiyo inayoua wadudu. Tukizembea, dumuzi hula kabati zima.

Saa tisa nakutana na karatasi ya zamani. Mmea umebandikwa vizuri ajabu, lakini lebo inasema "Kakamega, mti". Basi! Kakamega ipi, mwaka gani? Kipande cha jani kama hilo bado kinaweza kutoa DNA, na maua yangetuonyesha kama msimu wa kuchanua umesogea. Bila tarehe, utalinganisha na nini? Mwanafunzi wetu anaona majina ya kienyeji ya mukombero yanachafua lebo, eti jina la kisayansi, *Mondia whitei*, linatosha. Kwenye lebo ya leo nimeyaacha yote mawili, mukombero na ogombo, na "mzizi hutafunwa" chini yake.

Saa kumi nafunga nakala za vielelezo za kupeleka Nairobi, kwenye mkusanyo wa mimea iliyokaushwa wa Afrika Mashariki ulioanzia Amani, katika Tanzania ya leo, mwaka 1902. Huko kuna takriban vielelezo milioni moja.

Saa moja jioni, steji ya Kisumu, kijana anauza mukombero kwa mafungu. Nanunua moja, natafuna.

"Umechimbwa wapi?"

"Huko msituni, madam."

"Msitu gani?"

Ameshamgeukia mteja mwingine.