Vifuko Kwenye Gome: Safari ya Msitu wa Podocarpus

Tulitoka Loja, kusini mwa Ekwado, kabla hakujapambazuka, tukashika barabara ya Zamora. Ukungu ulitanda njia nzima. Kandokando ya Hifadhi ya Podocarpus tulishuka garini tukaingia msituni kwa miguu. Hamu yangu ilikuwa maua tu: nchi hii ina zaidi ya aina 4,000 za okidi.

Watafiti niliofuatana nao waliyapita maua bila kusimama. Walisimama kwenye mti mmoja uliovaa kuvumwani toka chini hadi matawini, wakanionyesha vifuko vidogo vya wavu wa nailoni vilivyobanwa kwenye gome. Ndani mlikuwa na mbegu za okidi zilizowekwa humo miezi mingi nyuma. Mbegu hizo ni laini kama vumbi na hazina akiba ya chakula, kwa hiyo porini haziendelei mpaka zipate kuvu ya kuzilisha. Mtaalamu wa mimea Noël Bernard aliligundua jambo hilo Ufaransa mwaka 1899. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson, naye mtaalamu wa mimea, akaziotesha maabara kwa sukari, bila kuvu, na wakuzaji wa maua wakapata njia ya mkato.

Siku hizi watafiti wameirudia kuvu yenyewe. Hukata kipande cha mzizi, husoma vinasaba vya kuvu iliyomo, kisha huitafuta kwenye miti ya jirani kwa vifuko kama vile: mbegu ikiota, kuvu ipo. Kwangu swali la kuvu iko wapi ndilo zito kuliko yote, maana ukiiokoa okidi kwenye msitu unaokatwa na kuipeleka pasipo na kuvu yake, itaishi yenyewe lakini haitaacha watoto.

Nilipotoa simu nipige picha, niliombwa kwanza nizime alama ya mahali. Biashara ya okidi za porini kati ya nchi na nchi inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama wa porini, lakini wezi bado wanazing'oa, na watafiti wengi sasa huficha mahali hasa walipoziona hata wanapochapisha kazi zao. Iliniuma.

Mvua ikaanza. Mtafiti mmoja alipasua kifuko kwa wembe, akainamia kioo cha kukuzia kwa muda mrefu, halafu akanipa. Niliona vumbi tupu. Akanielekeza pembeni kwa ncha ya wembe: punje moja imevimba, ya kijani, ndogo kuliko kichwa cha pini, imeota vinyweleo upande mmoja. Tukawa tunapokezana kile kioo, mvua ikitupiga mgongoni.