Nilivyojizoeza Kulinda Nafasi Mbele ya Gari Langu

Katika udereva wa kujihami, tabia niliyoipa uzito kuliko zote ni kulinda nafasi iliyo kati ya gari langu na gari la mbele, kwa kuwa tabia nyingine karibu zote huitegemea. Dereva mwenye nafasi anapata muda wa kuona, kuamua na kupunguza mwendo. Asiye nayo, hata awe hodari namna gani, anategemea wema wa aliyemtangulia.

Kilichonishawishi ni hesabu. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hukata takriban mita 28 kila sekunde, na dereva aliye makini huhitaji sekunde moja au zaidi tangu anapoiona hatari hadi mguu wake unapokanyaga breki. Mita hizo zote hupita kabla breki hazijaanza kazi. Isitoshe, mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali ambao breki zinahitaji ili kulisimamisha gari huongezeka takriban mara nne.

Nilianza na kanuni ya sekunde tatu. Huwa nachagua kitu kisichosogea kando ya barabara, kama vile nguzo au kibao cha alama, na sehemu ya nyuma ya gari la mbele inapokipita naanza kuhesabu taratibu: elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu. Nikikifikia kabla sijamaliza, naondoa mguu kwenye mafuta na kuliacha gari lipungue mwendo lenyewe. Siku za mvua naongeza nafasi hiyo mara mbili, kwa sababu tairi haliishiki lami iliyolowa kama linavyoishika iliyokauka. Mwanzoni nilihesabu kwa sauti kila safari. Baadaye jicho lilizoea, ingawa mpaka leo nahesabu tena ninapoanza kuchoka, maana uchovu hulidanganya jicho.

Ugumu wa tabia hii hauko kwenye kuhesabu, bali kwenye uvumilivu, kwa kuwa ukiacha nafasi hakosekani dereva wa kuchomekea. Niliamua kumpisha kila anayeingia na kuijenga nafasi upya nyuma yake. Ukipiga hesabu, kila anayeingia ananichelewesha sekunde chache tu, na sioni sababu ya kugombania sekunde hizo kwa kuhatarisha watu niliowabeba.

Anayenifuata karibu mno ananihitaji niwe makini zaidi, kwa sababu nafasi ya nyuma yangu siimiliki mimi. Simtishi kwa kugusagusa breki. Naongeza nafasi ya mbele, ili ikibidi kusimama nisimame polepole na yeye apate muda, na mahali panaporuhusu nampisha anipite.

Nafasi hiyo pia imeyapa macho yangu uhuru wa kutazama mbali. Natazama taa za breki za gari la tatu au la nne mbele yangu, natupia jicho vioo kila baada ya sekunde chache, na penye magari yaliyoegeshwa natazama chini yake, kwa kuwa miguu ya mtoto huonekana hapo kabla ya kichwa chake. Gari linalosubiri kuingia kutoka barabara ndogo nalitazama magurudumu ya mbele, si uso wa dereva: dereva anaweza kunitazama asinione, lakini gurudumu likianza kuzunguka, gari limeshaanza kutoka. Kwa malori nina sharti moja, kwamba nisipoweza kumwona dereva kwenye kioo chake cha pembeni nachukulia kuwa naye hanioni, hivyo sikai hapo. Ama narudi nyuma, ama nampita pale penye usalama.

Usiku mwendo wangu huamuliwa na taa. Naendesha kwa kasi itakayoniwezesha kusimama ndani ya umbali ninaouona, na huo, kwa taa za chini, ni mfupi kuliko madereva wengi wanavyodhani. Anayekuja akiniwashia taa kali, naondoa mguu kwenye mafuta na kuelekeza macho kwenye mstari wa ukingo wa upande wangu hadi apite, kisha nasubiri macho yarejee sawasawa ndipo niongeze mwendo.