Londiani Junction na mpango wa sifuri

Jana nimesafiri kutoka Nakuru kwenda Kisumu. Matatu iliposimama Londiani Junction nikashuka kununua viazi, na mama aliyenipimia akaniambia, "Mwanangu, simama huku ndani, huko kando ya lami si pazuri." Tarehe 30 Juni 2023 lori liliacha njia hapo hapo, likawavamia wachuuzi na abiria. Zaidi ya watu 50 walikufa.

Ajali ikitokea, sisi humlaumu dereva na kumaliza hapo. Dereva ana lake, ndiyo. Lakini Uswidi, ambako bunge lilipitisha mwaka 1997 mpango wa sifuri, yaani lengo la kutokufa mtu wala kuumia vibaya barabarani, huanza na swali jingine: binadamu atakosea tu, je, akikosea barabara itamwokoa? Ndiyo maana wameweka vizuizi vya nyaya katikati ya barabara kuu nyingi, na kasi ya kilomita 30 kwa saa kwenye mitaa mingi ya watembea kwa miguu.

Nautaka mpango huo huku kwetu. Dunia imeahidi kupunguza vifo vya barabarani kwa nusu ifikapo 2030, lakini nusu ya wale wa Londiani ni akina nani? Lori halijui mpaka wa kaunti, kwa hivyo Nakuru, Kericho na Kisumu zipange pamoja: masoko yasogezwe mbali na lami, stendi zipate nafasi, kizuizi imara kiwekwe kati ya magari na watu. Ukikutana na MCA wako, yaani mwakilishi wa wadi yako katika bunge la kaunti, muulize bajeti imetenga nini.