Val d'Orcia kwa miguu: miji ya vilimani, mizabibu na jasho la watu

Watu wengi wakienda Toscana, mkoa wa Italia, wanakodi gari, wanapanda mji wa kwanza, wanapiga picha, wanashuka, wanapanda mji wa pili, mpaka jioni wamemaliza miji minne na hawakumbuki kipi kilikuwa wapi. Mimi nasema hivi, na nasema kwa moyo wote, lile bonde la Val d'Orcia kusini ya Siena ukilipita kwa gari umeona picha tu. Ile miji ilizoea watu wanaokuja kwa miguu na punda, unatoka mmoja asubuhi unaingia mwingine kabla jua halijazama, na wewe ukienda kwa mwendo huohuo ndo unaanza kuelewa kwanini mji umekaa pale juu, nani alilima huku chini na mvinyo wenyewe unatoka kwenye udongo gani.

Sisi tulienda kikundi kidogo na muongozaji, mama mmoja mzaliwa wa hukohuko mwenye leseni ya kuongoza watembeaji, na naanza kwa kumsifia kabisa kwasababu njia peke yake hata simu ingetuonyesha. Alama zipo, ramani zipo, na sehemu nyingine unafuata Via Francigena, ile njia ya mahujaji wa kwenda Roma ambayo Askofu Mkuu Sigeric wa Canterbury aliipita mwaka 990 na vituo 79 vya safari yake ya kurudi viliandikwa mpaka leo vinasomeka. Kitu ambacho simu haikwambii ni unachokanyaga.

Mfano, siku ya kwanza hakutupeleka porini. Alitupeleka Siena mjini, Palazzo Pubblico, yaani jumba la serikali ya mji, kwenye ule ukumbi ambao Ambrogio Lorenzetti alichora ukutani kati ya 1338 na 1339 habari ya utawala mzuri na utawala mbaya. Ukuta mmoja unaonyesha mji uliotulia, mafundi wako juu wanajenga, watu wananunua na kuuza, halafu lango la mji, na nje ya lango ndo mashamba yanaanza, watu wanavuna, wengine wanapura nafaka, kuna mizabibu imepangwa kwenye mteremko na jamaa mmoja anaswaga nguruwe mweusi mwenye mkanda mweupe begani kumpeleka mjini. Akatuambia tumuangalie vizuri yule nguruwe kwasababu aina yake, cinta senese, bado inafugwa na tutamkuta. Na kweli tulimkuta. UNESCO walipoiingiza Val d'Orcia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004 sababu yao ilikuwa hiyohiyo, kwamba ardhi ile ilipangwa makusudi na watu wa Siena karne ya 14 na 15 iwe na mazao na iwe nzuri kuitazama, na wachoraji wakaichora hivo. Yaani yale mandhari yote unayoyaona kwenye kalenda, vilima laini na miberoshi imejipanga barabarani, ni kazi ya mikono.

Siku niliyoipenda kuliko zote ni ya kutoka Montalcino kwenda abasia, yaani monasteri, ya Sant'Antimo, kama kilomita 10 hivi, panda shuka, vumbi jeupe la zile barabara zao za kokoto linapanda mpaka magotini. Montalcino iko mita 564 juu ya usawa wa bahari, ina ngome ya 1361, na wenyeji wanajivunia sana kwamba Siena, wakati huo jamhuri inayojitegemea, ilipoanguka 1555 kuna watu wa Siena walikimbilia huku na bendera yao wakaendelea kujiita jamhuri mpaka 1559. Ukitoka tu getini mizabibu hiyo. Yule mama akaingia kwenye mstari mmoja kwa ruhusa ya mwenye shamba, akaokota jiwe la kijivu, akalibonyeza kwa vidole likavunjika vipande bapa bapa mkononi kwake. Wanaliita galestro. Udongo wa mawe hivo hautuami maji, mzabibu unalazimika kupeleka mizizi chini kabisa kutafuta, hauzai sana ila kile kidogo inachozaa kina utamu na ukali wa kutosha. Kichwani mwa mstari kulikuwa na mti wa waridi, na sio pambo, wakulima wa zamani walipanda waridi pale kwasababu ugonjwa wa ukungu unaonekana mapema kwenye waridi, basi mkulima akiona majani yameanza kuwa na unga mweupe anajua zamu ya mizabibu inakuja anawahi kupiga dawa.

Zabibu yenyewe ni Sangiovese, na kwa mvinyo wa Brunello di Montalcino sheria hairuhusu kuchanganya hata kidogo, ni asilimia 100. Halafu kuna kusubiri. Angalau miaka 2 kwenye mapipa ya mbao, halafu chupani, na hakuna ruhusa kuuza mpaka Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno, yaani zabibu zilizovunwa 2020 zilianza kuuzwa 2025. Mimi hapo nilisimama nikawaza, huyu mkulima amelipa vibarua, amelipa dawa, amelipa chupa, na hela yake iko kwenye pipa gizani miaka yote hiyo. Ndo maana wengi wanatoa pia Rosso di Montalcino, zabibu ileile lakini unaruhusiwa kuuza mapema, mwaka mmoja baada ya mavuno, inawasaidia kuishi wakati wanasubiri. Na kiangazi wanapita mstari kwa mstari wanakata vichala vibichi na kuviangusha chini ili vilivyobaki vipate nguvu. Mtu aliyewahi kulima chochote anajua ile inauma kiasi gani, kukata mazao yako mwenyewe kwa mkono wako.

Kwa wasiokunywa, na kwenye kikundi chetu walikuwepo, msiogope hizi ziara. Kwenye kuonja kuna chombo cha kutemea na hakuna anayekushangaa, halafu wenye mashamba wengi wana mizeituni pia, wale wenzetu waliwekewa mafuta ya zeituni na mkate wakaonja kwa utaratibu uleule, kunusa kwanza, kidogo ulimini, kusubiri ule muwasho wa koo. Mafuta mapya yanakamuliwa kuanzia Oktoba kwenda Novemba na ni ya kijani hasa. Mkate wao hauna chumvi, wageni wengi wanalalamika, lakini ukiula na jibini au na nyama iliyokaushwa utaona chumvi iko huko tayari.

Sant'Antimo ukiifikia kwa miguu kutokea juu unaiona imekaa peke yake bondeni katikati ya mizeituni, kanisa la karne ya 12 la mawe meupe, na mawe mengine humo yanapitisha mwanga kidogo, jua likipiga asubuhi yanageuka rangi ya asali. Hadithi inasema mfalme Charlemagne ndo aliianzisha abasia. Tulikaa pale muda mrefu hakuna aliyesema kitu.

Sasa kuna jambo ambalo nataka lisikike vizuri. Zile nyumba za mawe za shambani ambazo leo ni hoteli zenye bwawa la kuogelea, zilikuwa nyumba za watu maskini. Mfumo ulikuwa unaitwa mezzadria, mwenye ardhi anatoa shamba na nyumba, familia inatoa nguvu zote, mazao yanagawanywa nusu kwa nusu, na mwenye ardhi ndo anaamua mambo. Ilidumu karne na karne. Sheria ya 1964 ikapiga marufuku mikataba mipya ya aina hiyo, na kabla ya hapo vijana walishaanza kukimbilia mijini viwandani miaka ya 50 na 60, nyumba zikabaki tupu milango wazi. Sehemu moja tuliyolala chumba cha kulia chakula kilikuwa zizi, pete za chuma za kufungia ng'ombe bado ziko ukutani, na familia ililala juu makusudi ili joto la wanyama liwapandie wakati wa baridi. Unakula chakula kizuri huku unaziangalia zile pete. Mashamba yaliyoachwa mengi yalichukuliwa na wafugaji kutoka kisiwa cha Sardinia waliohamia na kondoo zao, na leo pecorino, jibini la maziwa ya kondoo linalouzwa mji wa Pienza kila duka, sehemu kubwa ya sifa yake ni jasho la hao wahamiaji.

Kondoo wakiwepo mbwa wapo, wale weupe wakubwa wa kulinda kondoo, aina ya Maremma. Walitutokea njiani wakibweka kwa hasira kweli, muongozaji akatuambia tusimame, tusikimbie, tusiwaangalie machoni, tuzunguke kwa mbali bila kupita katikati ya kundi. Tukazunguka, wakatusindikiza mpaka mwisho wa malisho yao wakarudi. Hiyo peke yake inatosha kulipia mtu anayejua.

Bagno Vignoni ni kijiji kidogo, uwanja wake wa katikati sio uwanja, ni dimbwi kubwa la maji ya moto yanayotoka ardhini, mlima Amiata ulio jirani wenye mita 1738 ni volkano iliyolala na joto liko chini bado. Kwenye lile dimbwi hairuhusiwi kuoga, ila chini kidogo kuna mifereji ya vinu vya zamani unaweza kuweka miguu, na miguu yenyewe ikishatembea wiki inashukuru.

Pienza inahitaji nusu siku na zaidi. Ilikuwa kijiji kinaitwa Corsignano, akazaliwa hapo 1405 mtoto wa familia ya Piccolomini, akaja kuwa Papa Pius II mwaka 1458, na mwaka uliofuata akamleta mjenzi Bernardo Rossellino akigeuze kuwa mji. Rossellino akatumia hela nyingi mno kuliko alizosema mwanzo, na Papa badala ya kumfukuza akamshukuru kwamba angesema ukweli kuhusu gharama mji usingejengwa. Kanisa wamelijenga ukingoni mwa mteremko ili madirisha yaangalie bonde na ndani kuwe na mwanga, na kweli mwanga upo, ila ardhi ya nyuma ni dhaifu, upande wa altare umezama, nyufa unaziona kwa macho na sakafu ukitembea kuelekea mbele unahisi inashuka. Papa akafa 1464, kazi kubwa ikaishia hapo, na mji ukabaki karibu kama alivyouacha.

Kutoka Pienza tulipitia Monticchiello kwenda Montepulciano. Monticchiello ni kijiji kidogo sana ndani ya ukuta wake, na wanakijiji tangu 1967 kila kiangazi wanaandika na kuigiza wenyewe mchezo wa maisha yao uwanjani, wanauita Teatro Povero. Walianza wakati ule ule mezzadria inakufa na watu wanahama, wakaona bora wakae chini wajiulize wao ni nani sasa. Mimi katika vyote nilivyovisikia safari nzima hiki ndo kilinigusa kuliko, watu wachache hivo na hawajaacha.

Montepulciano mita 605, ndefu na nyembamba, barabara kuu inapanda kutoka lango la Porta al Prato mpaka Piazza Grande na mapaja yanaipata habari. Jumapili ya mwisho ya Agosti vijana wa mitaa minane wanasukuma mapipa ya kama kilo 80 kupanda hiyohiyo barabara, zaidi ya kilomita moja, yanaitwa mashindano ya Bravio delle Botti. Ukifika juu angalia upande wa mashariki, ile tambarare ya Valdichiana zamani ilikuwa kinamasi chenye malaria, ilikaushwa taratibu kwa karne kadhaa, na hapo huhitaji kuuliza tena kwanini watu walikaa juu. Chini ya majumba kuna maghala yamechimbwa ardhini, mapipa makubwa kuliko chumba, mvinyo wa hapo unaoitwa Vino Nobile unakaa humo, angalau asilimia 70 Sangiovese.

Kuhusu kujipanga. Nenda Aprili mwishoni na Mei, au Septemba na Oktoba, Julai na Agosti jua halina huruma na kivuli hakuna. Mavuno ya zabibu ni Septemba mpaka mwanzo wa Oktoba. Buti lazima ziwe za kushika ardhi kwasababu ule mfinyanzi wa bondeni ukinyeshewa unaganda kwenye soli kila hatua mpaka mguu unakuwa mzito, siku moja mvua ilipiga usiku tukatembea saa nzima tukikwangua kwa vijiti. Mabegi makubwa yanahamishwa na gari kutoka hoteli mpaka hoteli, unabeba maji na koti la mvua tu. Chakula agiza pici, ile pasta nene inayosokotwa kwa mkono, na sosi ya aglione ambayo ni kitunguu saumu kikubwa cha huko. Mgahawani utaona coperto kwenye bili, ni hela ya meza na mkate, kawaida euro chache kwa kichwa, hujaibiwa. Viza ni ya Schengen, ada ya mtu mzima euro 90 na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, anza mapema.

Na kabla hujalipa kampuni yoyote waulize kikundi kina watu wangapi, muongozaji anatokea wapi na kama ana leseni, na kila siku mnatembea kilomita ngapi kwa miguu hasa maana ziara nyingine zinajiita za kutembea halafu vipande virefu mnabebwa kwenye basi dogo. Waulize hasa hiyo siku ya Montalcino mpaka Sant'Antimo. Wakikwambia mnapelekwa na gari mpaka mlangoni, tafuta wengine.