Chumba cha Michenzani, Februari 2010

Tamasha la muziki la Sauti za Busara la Zanzibar, la mwaka 2010, ambalo lilikuwa la 7 tangu lilipoanzishwa 2004, lilifanyika katika mji usiokuwa na umeme. Kebo ya chini ya bahari iliyokuwa ikiuleta umeme kutoka Ras Kiromoni, upande wa Bara, hadi Fumba ilikuwa imeanza kazi tangu 1980, na tarehe 10 Desemba 2009 mtambo wake wa Fumba uliharibika, kisiwa cha Unguja kikaingia gizani na kubaki humo mpaka Machi. Waunguja walikuwa wameshaonja giza la namna hiyo mwaka 2008, kwa kiasi cha mwezi mmoja, lakini safari hii lilizidi kipimo. Kila mlango wa duka ulikuwa na jenereta lake, moshi wa mafuta ulitanda vichochoroni, na aliyekuwa na chumba chenye taa na feni alikipangia bei aliyoitaka.

Ndipo mimi na mwenzangu mmoja, sote wanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tuliokuwa tukiishi kwa kudunduliza fedha za mkopo, tulipoamua kwenda kusikiliza muziki. Februari ni kilele cha kiangazi cha kaskazi, jua la Unguja halina huruma, na ndio msimu ambao Wazungu wengi huikimbia baridi ya kwao na kushuka pwani. Tamasha linapoangukia hapo hapo, Mji Mkongwe hujaa mpaka juu ya mapaa. Tulilijua hilo, kwa hiyo tulikuwa tumeweka nafasi mapema, kwa simu, katika nyumba moja ndogo ya wageni maeneo ya Malindi, kwa dola 20 za chumba cha watu wawili. Tulipofika kaunta na mabegi yetu tuliambiwa kuwa bei ile ilikuwa ya kabla ya giza, kwamba dizeli imepanda, na kwamba chumba sasa ni dola 55, tukitaka. Hatukutaka, wala hatukuwa nazo. Yule kijana wa kaunta hakuonyesha haya yoyote, na kwa haki sijui kama angeweza kufanya vinginevyo, maana jenereta lililokuwa likinguruma nyuma yake lilikuwa likila fedha za mwajiri wake usiku na mchana.

Nje mapapasi, wale vijana wanaowatafutia wageni vyumba kwa ujira, walikuwa wameshatuona. Mmoja alitupeleka kwenye chumba kisicho na dirisha huko Vuga, akataka dola 30 pamoja na chake cha kutuongoza. Mwingine akatuahidi paa la nyumba ambalo, alivyolisifu, lilikuwa na upepo mzuri kuliko hoteli zote. Mwenzangu alitaka tulichukue paa. Mimi nikakumbuka kwamba msichana mmoja tuliyekuwa tukisoma naye, mzaliwa wa Unguja, alituambia kabla ya likizo kuwa shangazi yake anakaa Michenzani na kwamba tukikwama tumtafute. Alitupa namba ya simu. Tuliipiga pale pale, na haikupatikana. Tukaipiga tena mchana, haikupatikana. Katika mji ule, wiki zile, simu isiyopatikana haikuwa na maana kwamba mwenyewe hayupo. Watu walikuwa wakilipa dukani ili wachajiwe simu zao, na wengi walichaji siku wanayoona ipo haja.

Tulikwenda kwa miguu. Kutoka Darajani ukivuka barabara kuu unaingia Ng'ambo, na mbele kidogo unakutana na yale majumba marefu ya ghorofa yaliyojengwa miaka ya 1970 baada ya Mapinduzi, kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, ambayo yamepangwa kwa mistari inayokutana kwenye mzunguko wa Michenzani. Kwa mbali yanaonekana kama behewa zilizoachwa na garimoshi. Tulikuwa na jina la shangazi na namba ya jumba tu, na katika jumba lenye mamia ya milango hayo ni machache mno. Chini ya jumba wazee walikuwa barazani na kahawa yao. Tuliwaamkia, wakaitikia, na kabla hatujauliza lolote mmoja akatuuliza sisi ni watoto wa nani. Tulieleza kwamba tumetoka Dar es Salaam, tunasoma na mtoto wa fulani, tumekuja kumtafuta shangazi yake. Wakashauriana. Jina la shangazi hawakulishika mara moja, lakini mmoja alipouliza kama ni yule aliyekuwa akiuza barafu, wengine wote wakakubali, na mtoto akatumwa atupandishe.

Neno "aliyekuwa" sikulizingatia wakati ule. Nililielewa baada ya kuingia jikoni mwake.

Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mjane, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Tulimwamkia, tukamtajia jina la mpwa wake, naye akatukaribisha, akatupa maji ya kunywa ya mtungini, akatuacha tuzungumze mpaka tukamaliza. Kisha akasema chumba kipo, cha wanawe wa kiume ambao mmoja yuko Maskat na mwingine ameoa na kuhamia Mwanakwerekwe, ila hawezi kutulaza bila kumwarifu sheha. "Wanangu," alisema, "mie si mtu wa kuja kuulizwa maswali mlangoni kwangu usiku."

Msomaji wa Bara huenda hajui uzito wa sheha. Kila shehia ya Zanzibar, yaani eneo dogo la utawala wa mtaa, ina sheha wake anayeiongoza, na mgeni anayelala katika shehia hupaswa kujulikana kwake. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi. Maalim Seif, kiongozi wa upinzani wa CUF, na Amani Karume, Rais wa Zanzibar wakati huo, walikuwa wamekutana Novemba iliyopita na joto la siasa lilikuwa limeanza kushuka, lakini habari za nani mkaazi na nani mgeni zilikuwa bado ni habari nyeti. Sheha alitupokea uani kwake. Aliviangalia vitambulisho vyetu vya chuo mbele na nyuma, akaandika majina yetu katika daftari kubwa la mistari, akauliza tutaondoka lini. Halafu akamgeukia Shangazi na kumuuliza kama amefungua nyumba ya wageni, maana hiyo ina leseni yake. Shangazi akajibu kuwa hao ni rafiki wa mtoto wa kaka yake na kwamba ikiwa watamwachia chochote cha sokoni hatawarudishia. Sheha alicheka, akafunga daftari. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo ilikuwa gharama kubwa kuliko zote za chumba kile: kwamba mtu mwenye heshima yake alitudhamini mbele ya serikali ya mtaa kabla hajajua hata kama tunajua kusalimia vizuri.

Bei tuliizungumza njiani wakati wa kurudi, na aliizungumza bila kuzunguka. Shilingi 10,000 kwa usiku kwa sote wawili, pamoja na chai ya asubuhi, nusu ya fedha zote itolewe mwanzo kwa ajili ya makaa na unga. Kwa dola ya siku hizo iliyokuwa ikibadilishwa kwa shilingi 1,300 na ushei, hiyo ilikuwa chini ya dola 8. Alikuwa na sharti moja, nalo lilihusu maji. Bila umeme pampu zilikuwa hazisukumi, mabomba ya ghorofani yalikuwa makavu tangu Desemba, na kila tone lililotumika kwenye ghorofa ya nne lilikuwa limebebwa na mtu. Yeye alikuwa akiwalipa vijana wa mikokoteni kwa kila dumu la lita 20, na akilipa zaidi ili lipandishwe ngazi. Sisi tungejipandishia wenyewe, na kila dumu tutakalolipandisha litakatwa kwenye deni letu.

Nilidhani ni mzaha wa kutupa moyo. Nyuma ya mlango wa jikoni, hata hivyo, alikuwa na mahali pa kuandikia kwa kipande cha mkaa, na jioni ile ile alichora msitari mmoja chini ya jina langu na mmoja chini ya la mwenzangu.

Katika jiko lile lile lilikuwemo friza kubwa jeupe, la aina inayofunguliwa kwa juu, ambalo lilichukua karibu nusu ya nafasi. Aliponituma nichukue unga humo niliona ndani yake magunia, sufuria, viatu vya harusi vya mtu fulani, na pembeni fungu la vile vifuko vyembamba vya nailoni vya kufungia barafu, mamia kwa mamia, havijatumika. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara yake. Alikuwa akiuza barafu za ubuyu na za ukwaju kwa watoto wa skuli, na maji baridi kwa wenye maduka ya chini, na katika miezi ya kaskazi ndipo alipokuwa akipata fedha ya mwaka mzima. Giza liliingia Desemba, mwanzo kabisa wa joto. Hakulalamika sana juu yake. Alisema tu kwamba panya hawafungui friza, hivyo angalau linalinda unga. Mimi ndiye niliyekaa nikifikiri kwamba giza lililotufukuza Malindi ndilo lililotufungulia mlango huu, kwa sababu mwaka wowote mwingine asingekuwa na haja ya wapangaji.

Mchana tulilala, kwani kwenye saruji ile iliyopigwa na jua hakuna lingine la kufanya, na alasiri tulioga kwa kata, kwa ubahili ambao ulitujia wenyewe kila tulipokumbuka ngazi. Baada ya magharibi tulikwenda Ngome Kongwe, penye tamasha, mwendo wa kiasi cha nusu saa kupitia Darajani na vichochoro vya Mkunazini, mwenzangu mbele na kurunzi. Waandaaji walikuwa na majenereta yao, na ndani ya zile kuta ambazo Waarabu wa Oman walizijenga baada ya kumtoa Mreno, taa na vipaza sauti vilifanya kazi kana kwamba Fumba hapajatokea kitu. Kiingilio cha Watanzania kilikuwa sehemu ndogo tu ya kile cha watalii, na hilo ni jambo ambalo nalisifu mpaka leo, maana tamasha nyingi za pwani zimekuwa karamu za wageni ambazo wenyeji wanazisikia kwa nje. Kati ya wimbo na wimbo, muziki ulipotulia, ulisikia mngurumo wa mashine ukutani, na watu wakaizoea haraka.

Kurudi ndiko kulikokuwa na kanuni. Turudi pamoja, tusipite njia ya peke yetu bali tufuatane na watu wanaokwenda Ng'ambo, na tukifika tubishe hodi kwa kutaja majina. Shangazi aliweka kandili kwenye ngazi ya ghorofa ya tatu, na kwa kuwa mafuta ya taa nayo yalikuwa ghali, majirani walikubaliana kuiacha iwake kwa zamu ya kila mlango. Usiku mmoja tulichelewa mno, muziki ulipita saa saba, na alitufungulia bila neno. Asubuhi kwenye chai tulipewa neno lake, refu, na majirani wawili walilisikia.

Jioni moja tulimwomba aje nasi, tulikuwa tumesikia kwamba kutapigwa taarabu. Alikataa kuingia Ngomeni. Alisema hawezi kusimama katikati ya vijana wanaoruka, na kwamba taarabu yenyewe inasikika vizuri Forodhani bila tiketi. Basi tulikaa naye katika bustani ile, iliyokuwa imefunguliwa upya mwaka uliotangulia baada ya kukarabatiwa na mfuko wa Aga Khan, tukala urojo kwenye mwanga wa karabai za wauzaji huku fidla zikitufikia juu ya ukuta. Alisikiliza kwa makini ya mkaguzi. Wapigaji aliwakubali. Mwimbaji alisema ana sauti nzuri lakini ana haraka, hampi mtu nafasi ya kulionja neno, na kwamba Bi Kidude, ambaye wakati huo alikuwa hai bado na alikuwa akijulikana kwa jukwaa lile kuliko wote, asingemaliza ubeti kabla hajauona umeingia kwa watu. Kisha akataka tuondoke kabla ya msongamano.

Siku ya kuondoka alituita jikoni, akasimama mbele ya mlango na kuhesabu misitari ya mkaa kwa sauti, yangu kwanza. Mwenzangu alikuwa amenizidi, na alihakikisha nimesikia. Shangazi alikata thamani ya kila dumu kwa bei ya vijana wa mkokoteni, pamoja na ile ya ngazi, akatutajia kilichobaki, na kilipungua kwa zaidi ya robo. Tulijaribu kumwachia kamili. Akakasirika kweli, alisema hesabu ni hesabu, na kwamba tukitaka kutoa sadaka misikiti iko tele kutoka hapo hadi bandarini. Tulilipa alichokitaja, akatufungia mkate wa ufuta kwenye gazeti, tukawahi boti ya mchana.

Februari ya 2011 nilitaka kurudi. Umeme ulikuwa umesharejea, simu yake ikapatikana mara ya kwanza nilipoipiga, na nyuma ya sauti yake nilisikia watoto wakibishania barafu. Alifurahi, akauliza masomo, akamuulizia mwenzangu. Chumba, alisema, kimeshachukuliwa na wasichana wawili wa Kijerumani walioletwa na sheha mwenyewe, kwa dola 15 kila mmoja, ila mimi ni mtoto wa nyumbani na naweza kulala sebuleni. Niliuliza bei ya sebule. Akasema elfu kumi ile ile, na kwamba maji sasa yanapanda yenyewe, hivyo hapatakuwa na kukatwa.