Kukereza mbao kwenye mashine ya chuma

Mashine ya kukereza chuma, ile inayozungusha kipande huku kisu kikikichonga, inakereza mbao vizuri kabisa. Mpini wa tindo au mguu wa stuli wa mninga hauhitaji mashine ya pekee. Lakini ukitoa mbao Keko, Dar es Salaam, ukaipeleka kwa fundi chuma wa Gerezani akaikataa, usimlaumu: anaogopa vumbi, na ana haki.

Unga wa mbao hufyonza oili iliyo kwenye reli za mashine, kisha hushika unyevu. Kwa hewa yetu ya pwani, maranda yaliyolala juu ya reli huacha kutu chini yake. Ule unga laini zaidi huchanganyika na oili, ukawa uji mzito unaoingia chini ya saduli, kile kibebeo cha kisu kinachoteleza juu ya reli, na kuila reli taratibu. Kwa hiyo futa reli zikauke kabla ya kuanza, uzifunike kwa kadibodi. Kitambaa hapana, kikinaswa na chaki, ile sehemu yenye taya inayoshika mbao na kuizungusha, kitavuta na mkono. Ukimaliza, tumia brashi na vakyumu. Upepo wa kompresa unausukuma unga ndani zaidi. Kisha paka oili mpya siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Sasa kisu, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kipande cha kabaidi (metali ngumu sana) cha kukatia chuma kina ukingo butu kidogo. Chuma hakijali, ila nyuzi za mbao hupondwa badala ya kukatwa, na uso unatoka na manyoya. Chukua kisu cha HSS, yaani chuma kigumu cha visu vya mashine, cha milimita 10, kinoe uso wa juu uinamie nyuma nyuzi 25 hadi 30, ncha uiviringe kidogo, umalizie kwa jiwe la mafuta mpaka kinyoe nywele za mkono. Ukiona vumbi badala ya maranda, kisu kimekufa, rudi kwenye jiwe.

Mbao ya mraba ifungwe kwenye chaki ya taya nne, kwa kuwa ya taya tatu haiwezi kuikamata. Punguza kona kwa randa kwanza iwe pembe nane, la sivyo kisu kitazimega vipande. Acha sentimita 3 za ziada upande wa chaki, maana taya huacha makovu, utazikata mwishoni. Upande wa pili weka senta inayozunguka, yaani ncha ya kuegemeza mbao. Iliyosimama huunguza mbao na kulegea.

Kwa kipenyo cha milimita 40, mizunguko 1,200 kwa dakika inatosha. Pita kwa kina cha milimita 2, mwendo wa kisu wa milimita 0.1 kwa mzunguko, na pasi ya mwisho kina cha milimita 0.3. Kereza kutoka kunene kwenda kwembamba, nyuzi zisichomoke.

Mpingo ni habari nyingine. Ni mgumu na mzito kiasi cha kuzama majini, na unakatika karibu kama shaba ya njano, hivyo punguza mwinamo wa kisu hadi nyuzi 5 au 10. Ukiutoboa, toa keekee kila baada ya milimita chache. Joto likizidi unapasuka. Vumbi lake huwasha ngozi na kifua, kwa hiyo barakoa ivaliwe tangu pasi ya kwanza, si wakati wa msasa tu.